Kiapo cha Mama Yeshimebet

Kule milimani Gondar, Mama Yeshimebet hakuwa mtu wa kusema "sijui". Umuulize mvua itanyesha lini, au mtakatifu yupi huponya jino, jibu analo kabla hujamaliza swali. Kahawa yake ilikuwa tamu, basi majirani wakamvumilia.

Mwaka mmoja mafuriko yaling'oa jiwe la mpaka kati ya Ayenew na Sewunet, nao wakagombania kipande cha shamba kisichozidi hatua nane. Wazee walipotafuta shahidi, shahidi alijileta mwenyewe. Yeshimebet alisema aliona kwa macho yake jiwe likisimikwa. Siku hiyo, alisema, baba yake Ayenew alijitanda shuka yenye pindo jekundu, na kipande kile kilikuwa chake.

Wakaenda kanisani aape. Aba Melaku, kasisi mpenda utaratibu, alinyoosha msalaba, lakini akataka kwanza kujua jiwe lilisimikwa mwaka gani. Ayenew akajibu ni ule mwaka kabla kanisa hili halijaezekwa paa. Sewunet naye akakubali.

Yeshimebet akafungua kinywa aape, kisha akalitazama paa. Maisha yake yote alijisifu kuwa ndiye mtoto mchanga wa kwanza kubatizwa chini ya paa lile.

Akahesabu kwa vidole, akarudia. Siku jiwe liliposimikwa hakuwa amezaliwa. Lakini pindo lile jekundu alikuwa akiliona hata sasa! Yaelekea baba yake mwenyewe alimsimulia mara nyingi mno, hata masimulizi yakageuka kuwa macho.

"Aba," alisema taratibu, "Mungu namwamini. Yeshimebet ndiye nisiyemwamini tena. Sijui."

Aliyeanza kucheka ni Ayenew, ambaye ushindi ulikuwa umeshamfika mkononi.

"Kumbe hata kabla ya kuzaliwa ulikuwa unachungulia, mama?"

Kicheko kikaenea hadi kwa kasisi, akaficha mdomo nyuma ya msalaba. Kilipotulia, Ayenew alikiri kwamba yeye naye mambo ya mpaka aliyasikia tu kwa baba yake. Sewunet akasema hali ni hiyohiyo kwake. Wakakubaliana kipande kile kiwe njia ya wote.

Yeshimebet alirudi nyumbani kwa aibu, akidhani kahawa yake haitanywewa tena. Kesho yake nyumba ilijaa. Watu walikuja na maswali ya makusudi, wapate kumsikia akisema "sijui", na kufikia kikombe cha tatu alikuwa akilitamka neno hilo kwa madaha, kama mtu aliyevaa kiatu kipya.

Njia yenyewe ilimfupishia safari ya kanisani. Ni kwa hatua ngapi, hakutaka kusema.