Tafsiri Niliyoitoa Ghalani

Katika jalada langu la barua zilizotoka kuna nakala ya malalamiko niliyoyaandika muda mfupi baada ya kustaafishwa, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakati kila njia panda ilipoanza kuwa na televisheni, deki ya video na mabenchi ya kukalia. Nililalamikia vijana waliokuwa wakisimama kando ya televisheni kuwatafsiria watazamaji filamu za mateke. Niliandika kwamba hawaijui lugha ya filamu wala hawasomi maandishi yaliyo chini ya picha, kwamba wanabuni maneno ili watu wacheke, na kwamba mtu aliyepewa kazi ya kuwasemea wengine, kisha akasema lake mwenyewe, anamwibia aliyesema na anamwibia aliyesikia. Sentensi hiyo ya mwisho niliipenda. Niliipigia mstari.

Barua haikujibiwa. Wakati ule nilikasirika, leo nashukuru. Nilifundishwa kazini kwamba kumbukumbu yenye kosa haifutwi. Hupigwa mstari mmoja katikati, ili kosa lenyewe liendelee kusomeka, kisha kilicho sahihi huandikwa juu yake na mhusika hutia saini. Hicho ndicho ninachokifanya hapa.

Kwa miaka mingi nilikuwa ofisa wa gari la sinema. Gari lilibeba mashine ya kuonyeshea, jenereta, kitambaa cheupe na kipaza sauti. Fundi alishughulika na mashine, mimi nilishughulika na maneno. Filamu zetu nyingi zilikuwa za mafunzo: uchimbaji wa vyoo, upandaji wa mistari, maji ya kuchemsha. Mwishoni, ili watu wasiondoke mapema, tuliwaonyesha moja ya kuburudisha. Nilisimama kando ya kitambaa nikaeleza kwa Kiswahili kila lililosemwa, kisha kwa ufupi kwa Kinyiramba kwa ajili ya wazee waliokaa mbele. Baada ya filamu kulikuwa na maswali na majibu, kwa mujibu wa mwongozo. Sifa yangu ilikuwa kwamba nasoma Kiingereza upesi na sipunguzi neno.

Katika miaka ya kuhamia vijijini tuliletewa mkebe wa filamu moja ya mateke ambayo hata siku zile haikuvuma. Jina lake silitaji, kwa sababu lililoandikwa kwenye mkebe na lililoandikwa kwenye kaseti niliyoiona baadaye hayafanani, nami siandiki nisichoweza kukithibitisha. Ilikuwa filamu ya gharama ndogo. Ua mmoja ulitumika kuwa nyumba tatu tofauti, na ndege aliyewekwa juu ya paa hakupepesa jicho tangu mwanzo. Kisa chake kilikuwa hiki: mwalimu wa mapigano amemwoza binti yake kwa mwanafunzi wake hodari. Mume anampiga mkewe. Hampigi kwa ufundi wowote, anampiga tu kama wanaume wengine wapigavyo. Binti anakimbilia kwa shangazi yake mlimani, naye shangazi anamfundisha mateke. Baba anatuma watu wamrudishe. Binti anatoka langoni, anawaambia jambo, anawapa mgongo.

Filamu hiyo tuliionyesha kijijini kwetu, upande wa Iramba, katika ghala la ushirika. Ilikuwa alasiri, na madirisha yalizibwa kwa magunia ya pamba. Baba yangu alikuwa benchi la mbele. Nyuma, kati ya wanawake, alikaa dada yangu mdogo. Alikuwa amerudi nyumbani mwezi uliotangulia akiwa na jicho lililovimba, na alikuwa amesema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba harudi kwa mumewe. Baba alikuwa hajaamua. Usiku alikuwa akikaa peke yake nje, hasemi na mtu.

Sasa naandika lile ambalo sikuliandika popote. Ng'ombe wa mahari ya dada yangu hawakuwapo tena zizini kwetu. Ndio niliooa nao mimi. Kama dada angebaki nyumbani, watu wa mumewe wangewadai ng'ombe wao, nao wangefuatwa mpaka kwa wakwe zangu, na mimi, mtumishi wa serikali mwenye kipaza sauti, ningesimama mbele ya wakwe zangu nikiwaomba waturudishie ng'ombe. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Yule mwanamke alitoka langoni. Chini ya picha yaliandikwa maneno mafupi kabisa, yasiyohitaji elimu kubwa: sirudi. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Anasema, nimekosa, nitarudi kwa mume wangu." Nikarudia kwa Kinyiramba.

Ilikuwa imebaki sehemu moja ya filamu, ambayo ingeweza kunisuta. Nilimwendea fundi nikamwambia azime mashine. Nikawatangazia watu kwamba taa imeungua.

Wakati wa maswali baba alisimama. Hakuwa na kawaida ya kuuliza. Alivua kofia, akasema, "Mheshimiwa," kwa maana ghalani sikuwa mwanawe, "kwa hiyo yule mwanamke alirudi?"

"Alirudi, mzee."

Baba akageuka akamtazama dada yangu kwa muda mrefu.

Katika daftari la safari niliandika: hitilafu ya taa, wananchi wameelewa mafunzo. Siku ya tatu dada alifunga mzigo wake, akarudi kwa mumewe bila kusindikizwa. Alikaa huko mpaka alipovunjwa mkono wa kulia. Alicheleweshwa kupelekwa hospitali, mfupa ukaunga vibaya. Alipotoka kule mara ya pili hakuja nyumbani. Alikwenda Mkiwa, akaanza kuuza chai. Baba alipofariki tulimpelekea habari. Hakuja kuzika. Wazee wa ukoo waliona ni ukaidi, nami nikiwa kikaoni niliwaacha waone hivyo.

Miaka ya ruksa ilimkuta dada yangu amejenga banda la chakula hapo njia panda. Wasafiri walimjua kwa kuku wake wa kukaanga kwa mafuta ya alizeti. Alikuwa akiwanyonyoa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kiganja cha kulia hakigeuki. Alikuwa na binti mmoja, kidato cha tatu. Alinunua televisheni na deki, na jenereta dogo ambalo lilikaa nyuma ya banda likinguruma. Mimi nilipita mara kwa mara nikifuatilia jalada langu la pensheni Dodoma, jalada ambalo lilipotezwa mara mbili na watu ambao, nikiwa kazini, nisingewapa hata kazi ya kubeba magunia ya pamba. Dada alinipa chakula kila nilipopita. Tulizungumza habari za mvua.

Siku ninayoizungumzia, basi letu lilivunjika springi karibu na Mkiwa. Nikatembea mpaka bandani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri. Basi lenu limelala?"

"Springi. Utingo anasema saa moja."

"Basi itakuwa saa tatu. Kaa. Leo nina filamu yako."

"Yangu?"

"Ile ya ghalani. Dereva mmoja ameniachia kaseti zake kwenye boksi. Nilipoona yule ndege wa juu ya paa nikajua ni yenyewe."

Nilikaa, kwa sababu sikuona namna ya kusimama. Bandani walikuwamo dereva wa lori na utingo wake, wakila. Mpwa wangu alinisalimu, akasukuma kaseti ndani ya deki. Picha ilikuja na mistari, rangi zimepauka. Baada ya miaka ishirini na kitu, filamu ile niliyokuwa nikiikumbuka kama kitu kikubwa ilikuwa imekuwa ndogo, tena duni. Katika pambano la kwanza mtu mmoja alianguka kabla teke halijamfikia.

"Huyo ameanguka kwa adabu tu," alisema utingo.

"Stelingi ni nani hapa?" aliuliza dereva.

"Huyo mwanamke," alijibu mpwa wangu.

"Mwanamke? Basi nalala. Niamsheni akifa."

"Stelingi hafi," mpwa wangu alimjibu.

"Huyu atakufa. Tazama viatu vyake vya kitambaa. Tetanasi itamaliza picha."

Watu walicheka. Dada yangu hakucheka, wala hakuwa akitazama televisheni. Aliendelea kunyonyoa kuku wake mpaka lango lilipotokea. Ndipo aliponawa mkono, akasogea, akabonyeza kitufe. Picha ikasimama ikitetemeka, yule mwanamke akiwa amefungua mdomo, maneno yake chini yake.

"Kaka," alisema, "wewe ndiye mtafsiri wetu. Anasema nini hapo?"

Nilivaa miwani. Nilivua, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Kaseti hii ni nakala mbaya," nilisema. "Maandishi hayasomeki."

"Yanasomeka, mjomba," alisema mpwa wangu. Hakusema kwa ujeuri. Alidhani anamsaidia mzee mwenye macho mabovu.

"Wewe nyamaza," mama yake alimwambia. "Mwenye kazi yake yupo."

Nimesimama mbele ya mawaziri nikasema bila kusita. Pale, mbele ya dereva mwenye paja la kuku mkononi, niliyasoma maneno yale mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Anasema harudi."

"Sema kwa lugha yetu."

Nikasema kwa Kinyiramba.

"Na wewe siku ile ulisema anasemaje?"

"Nilisema anarudi."

Utingo aligeuka. "Mzee, hiyo tafsiri ulisomea wapi?" Dereva alicheka, kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka, akamkanyaga mwenzake mguu. Wakaondoka na sahani zao kwenda kulia nje.

Dada alivuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kiingereza sikijui, ila nilimwona alivyowapa mgongo. Anayerudi haendi hivyo. Nikasema, kaka yangu anasoma, hawezi kukosea neno fupi namna hiyo. Kisha baba akasimama akauliza, nawe ukajibu, naye akageuka kunitazama. Nikaona mmepanga. Baba ameshindwa kunifukuza kwa kinywa chake, amekutuma wewe uniambie kwa sinema, mbele ya kijiji kizima. Ndiyo maana sikubisha. Utabishia vipi baba asiyetaka kusema na wewe?"

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akiniambia. Nilikuwa nimekuja miaka yote hiyo nikiogopa kwamba ananichukia mimi. Kumbe hasira yake alikuwa ameiweka kwa mtu mwingine, mtu aliyekwisha kufa, tena asiyehusika. Na jambo ninaloliona baya kuliko ghala lenyewe ni kwamba kwa dakika moja nzima, na nasema moja kwa makadirio ya haki, niliwaza kuliacha lilivyo. Baba hakuwapo kunikanusha. Fundi wa mashine alikuwa amekufa. Hakuna jalada ambalo lingenisuta.

"Baba hakunituma," nilisema.

Akasogeza kigoda karibu.

"Hakujua lolote. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Alikuwa hajaamua. Nafikiri alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba inawezekana mwanamke asirudi, na mtu aliyemuuliza ni mimi. Ni mimi peke yangu. Ni wale ng'ombe."

"Ng'ombe uliooa nao."

"Ndio hao."

Alitazama kiganja chake cha kulia kilicholala pajani, kama mtu anayetazama kitu alichokabidhiwa akitunze.

"Sikumzika," alisema.

Nje utingo wa basi letu alikuwa akiita abiria. Sikuinuka. Mpwa wangu alisimama kando ya deki akimtazama mama yake, kisha mimi, kisha akaizima televisheni bila kuambiwa. Mwisho wa filamu ile sijauona mpaka leo.

Dada alirudisha kigoda mahali pake. "Jumamosi kuna basi la Kiomboi. Utakwenda nami nyumbani. Waite wazee. Yale uliyoyasema kwa kipaza sauti, uyafute ukiwa umesimama, mbele yao."

"Nitasema."

"Na lile daftari lako la safari uje nalo. Wasije wakasema umezeeka."

Jumamosi hiyo tulikwenda. Dada alikwenda kwanza kaburini kwa baba, peke yake, nasi tukamngoja. Waliobaki katika wazee wa ukoo walikuwa watatu. Waliketi kwenye mabenchi uani kwa baba yetu mdogo, ambaye siku ya ghala alikuwa amekaa ubavuni kwa baba. Nilisimama, nikafungua daftari, nikawasomea nilivyoandika, kisha nikawaeleza ilivyokuwa, na sababu. Sikupunguza neno. Wawili waliinamisha macho kwa kuona aibu kwa niaba yangu, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Baba mdogo alivua kofia, kama kaka yake alivyofanya.

"Kwa hiyo yule mwanamke hakurudi?"

"Hakurudi, baba mdogo."

Akageuka akamtazama dada yangu, aliyekuwa bado amesimama karibu na mlango. Akasogea mpaka mwisho wa benchi, akapapasa kwa kiganja nafasi iliyobaki kando yake, akamngoja aje akae.