Karani Theonest na Karavani ya Bwana Kobe

Aliyetaka kuijua hadhi ya Theonest Rwechungura mwaka ule wa 1954 hakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Angekaa naye dakika mbili tu, angeambiwa na mwenyewe. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, Mhaya mwenye kalamu mbili mfukoni, baiskeli yenye kengele, na nyumba ya udongo pale Temeke ambayo aliiita makazi ya muda, huu ukiwa mwaka wa sita. Alikuwa na mke, Kokuberwa, mja mzito wa mimba ya kwanza. Na kuanzia Novemba alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine Temeke nzima aliyekuwa nacho: nyumba ya Mzungu yenye magurudumu, imeegeshwa uani kwake.

Nyumba yenyewe, karavani, ilikuwa mali ya mkubwa wake wa kazi, Mista Haloway. Makarani walimwita Bwana Kobe kwa sababu kila Jumamosi aliondoka mjini na nyumba yake mgongoni. Bwana huyu alipewa na serikali jumba la vyumba saba, lenye bafu na mpishi, lakini siku za mapumziko alifunga karavani nyuma ya gari lake, akaiburuta mpaka porini huko Goba, akalala ndani ya kijumba ambamo hata mbuzi angegeuka kwa taabu. Watu wa Temeke, waliozoea kulala wanane chumba kimoja, walishindwa kabisa kuelewa kwa nini mwenye vyumba saba aende kujibana kwa hiari yake, tena aite starehe.

Likizo yake ya Ulaya ilipofika, miezi sita, alitakiwa alirudishe jumba la serikali, na karavani ikakosa pa kukaa. Akamwita Theonest.

"Wewe una uwanja nyumbani kwako?"

"Mkubwa sana, Bwana."

"Nitaiacha kwako. Nikirudi nikiikuta kama nilivyoiacha, nitakukumbuka itakapojazwa nafasi ya karani mkuu."

Bwana Kobe alisema atamkumbuka. Theonest alichosikia ni kwamba nafasi amepewa, kilichobaki ni kufunga tai. Jioni hiyo alimweleza mkewe kwamba mtoto wao atazaliwa akiwa mtoto wa karani mkuu, na Kokuberwa, ambaye alikuwa akipepeta mchele, akauliza kama karani mkuu ana paa lisilovuja.

Karavani ikaja na karatasi iliyopigwa taipu, masharti kumi na moja. Inyanyuliwe magurudumu yasiguse ardhi. Ifunikwe isipigwe na jua wala mvua. Madirisha yafunguliwe kila Jumamosi, hewa ipite. Godoro lianikwe. Panya wazuiwe. Theonest aliyasoma masharti hayo kwa sauti kila asubuhi baada ya sala, na kusema kweli aliyashika kuliko Amri Kumi, ambazo yeye mwenyewe alikiri kuwa baadhi yake zina ugumu.

Kuinyanyua, alikwenda kwa jirani yake Albano, Mmakonde mchonga vinyago, akanunua magogo manne ya mpingo.

"Karani, mpingo ni wa kuchonga," Albano alimwambia. "Weka mawe."

"Mawe hayana heshima."

Kwa hiyo karavani ya Bwana Kobe ikasimama juu ya mpingo mtupu. Miguuni akaipaka grisi panya wateleze. Madirishani akatundika shuka za harusi yake, nyeupe, zenye taraza, jua lisichujue mapazia. Lilibaki suala la paa. Kokuberwa alikuwa amekwisha kuagiza makuti mapya, mzigo mzima, yaezekwe nyumbani kabla ya masika kwa sababu chumba chao kilivuja sehemu nne. Makuti yalipofika, Theonest aliyatazama, akaitazama nyumba, akaitazama karavani. Kisha akaita fundi, akajenga uani banda la nguzo sita, refu, lenye mteremko safi, na kuliezeka lote kwa makuti yale hadi la mwisho.

"Na sie?" Kokuberwa aliuliza, mikono kiunoni, tumbo mbele.

"Mke wangu, sisi ni watu, tunaweza kusogea. Ile haiwezi kusogea."

"Si ndiyo yenye magurudumu?"

Jumapili baada ya misa watu walikuja kuitazama, na Theonest aliwapitisha akiwaelekeza kwa fimbo: hapa meza inayokunjwa, hapa jiko, hapa kitanda cha watu wawili. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Mwenyewe aliingia kwa soksi, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Albano alimwambia mbele ya watu kwamba nguo ya kuazima haisitiri makalio, nao wakacheka, lakini Theonest alimhurumia. Mtu asiyejua kusoma masharti angejua nini?

Mwezi wa Machi mambo mawili yalikuja kwa wiki moja, mtoto na mvua. Mtoto alikuwa wa kiume, wakampa jina Gaudens. Mvua ilikuwa ile ya masika ya kweli, inayonyesha kama imetumwa. Zile sehemu nne zilizovuja zikawa tisa. Mabeseni yakapangwa, masufuria, mpaka chungu cha maharage, na bado mto wa mzazi ukalowa. Kufika siku ya nane mtoto akaanza kukohoa.

"Tuhamie mle," Kokuberwa alisema. Hakuwa na haja ya kusema mle wapi.

"Kokuberwa, kile ni kitu cha watu."

"Na huyu ni mtoto wa watu?"

Theonest aliumia. Mtu asije akadhani hakumpenda mwanawe. Alimpenda mpaka akawa anaamka kumsikiliza anavyopumua. Lakini woga wa mkubwa ukishaingia mifupani mwa karani hautoki kwa kikohozi kimoja. Alimnunulia mtoto dawa ya kupaka kifuani, akasogeza kitanda, akaomba Mungu mvua ikate. Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

Katikati ya hayo akaingia Mama Avelina, mama mzazi wa Kokuberwa, kwa meli kutoka Bukoba mpaka Mwanza na kwa treni mpaka Dar, na mzigo wa ndizi na kibuyu cha samli ya kumpaka mjukuu. Sasa hapa ndipo shida ya Theonest ilipokomaa. Kwao mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana, wala hawalali chini ya paa moja. Mama mkwe akitokea njiani, mkwe huchepuka kichakani mpaka apite. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na paa moja, tena bovu. Mmoja alipaswa kutoka, na asingekuwa mama wa watu aliyesafiri siku nne.

Mtu mwingine angelala ndani ya karavani. Theonest alilala chini yake. Alitandika mkeka kati ya magogo ya mpingo, akajifunika koti la mvua, grisi ikimdondokea sikioni, na juu yake, shubiri moja kutoka puani, kitanda cha watu wawili chenye godoro kavu kikakaa kitupu. Eufrazia, mke wa Albano, alipomwona asubuhi akitambaa kutoka uvunguni alidhani ni mwizi, akapiga yowe mtaa mzima ukatoka.

Jumamosi ikafika, siku ya kuingiza hewa. Theonest alifungua mlango na madirisha, kisha akachuchumaa kusugua magurudumu. Mvua ikaanza ghafla. Akainua macho, akamwona mama mkwe anatoka nyumbani moja kwa moja kuelekea bandani, mjukuu kifuani, Kokuberwa nyuma yake na kibuyu cha samli. Theonest alifanya kile ambacho kila mkwe aliyelelewa vizuri angefanya. Aliruka, akajificha nyuma ya michongoma. Alipochungulia, mlango wa karavani ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Alisimama mvuani akiwa na kitambaa cha kusugulia mkononi. Angempigia nani kelele? Hodi hawezi kubisha, mle yumo mama mkwe. Kumwamuru atoke ni laana. Alizunguka mara tatu, kisha akanong'ona dirishani kwa Kihaya, uso kageuza.

"Kokuberwa. Mwambie mama kwamba hapo hapakaliwi."

Sauti ya mama mkwe ikasikika vizuri kabisa, ikimwambia binti yake: "Mwambie huyo bwana kwamba pamekaliwa."

Wakakaa wiki tatu. Mama Avelina alitandaza nyasi sakafuni kama kwao, akamkanda mtoto kwa samli asubuhi na jioni, akafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha na kuanika nepi. Wiki ya kwanza haikwisha, kikohozi kikawa kimetoka. Theonest, ambaye sasa hata uvunguni asingeweza kulala kwa kuwa mama mkwe yuko juu yake, alirudi nyumbani kwenye mabeseni. Kila akimsikia mwanawe akicheka mle ndani moyo wake ulifurahi, halafu ukakumbuka sharti la saba, lililohusu harufu.

Bwana Kobe alirudi mapema, bila barua, Jumamosi mchana, na gari lake na kamba ya kufungia. Theonest alikuwa anakula. Alitoka mbio na tonge mkononi.

"Theonest! Banda zuri sana hili."

"Asante, Bwana. Karibu, Bwana. Labda Bwana aje kesho..."

Mlango wa karavani ukafunguka, Mama Avelina akashuka taratibu kama malkia, mikeka kichwani. Theonest akageuka haraka asimwone, akabaki kawapa kisogo mama mkwe na mlango wa karavani. Nyuma yake Kokuberwa alishuka na mtoto, akasimama kwenye nguzo ya banda. Bwana Kobe aliingia ndani. Akatoka ameshika kifulana kidogo kwa vidole viwili.

"Nani amelala humu?"

"Hakuna, Bwana."

"Na hiki?"

Ilikuwa rahisi kusema. Maneno manne tu: mvua, paa, mwanangu, samahani. Badala yake Theonest alimwona karani mkuu wa kesho, na tai yake, anateleza na kwenda zake.

"Na yule mtoto ni wa nani?"

"Ni wa jirani, Bwana. Waliingia kujikinga mvua kidogo."

Bwana Kobe alitikisa kichwa, akaandika kitu kwenye kidaftari, akaanza kuondoa magogo. Mama Avelina, asiyejua Kiswahili, alimwuliza binti yake mumewe amesema nini. Kokuberwa akamtafsiria, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

Hapo mama mkwe akafanya jambo ambalo Theonest hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Alimzunguka, akaja kusimama mbele yake, na kumtazama usoni. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, na Theonest akatamani angempiga kofi.

Karavani ikaburutwa ikaenda. Kokuberwa akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kibuyu.

"Twende, mama. Tumeambiwa kwetu ni kwa jirani."

Wakavuka, wakaingia kwa Albano. Eufrazia akawapa chumba cha vinyago.

Siku mbili Theonest alikaa peke yake na mabeseni. Jumapili usiku hakupata usingizi hata kidogo. Jumatatu alfajiri alikwenda kusimama mlangoni kwa Albano, akasema wazi, majirani wakisikia: "Kokuberwa, nimekosa. Mtoto ni wangu."

"Sie tunajua," sauti ilijibu kutoka ndani. "Kamwambie aliyeuliza."

Akapanda baiskeli. Aliingia ofisini kwa Bwana Kobe bila kuitwa, jambo ambalo kwa miaka tisa hakulifanya, na nyuma yake makarani sita wakaacha kuandika.

"Bwana, nilidanganya. Yule mtoto ni wangu. Anaitwa Gaudens. Paa langu linavuja, na makuti yangu nililiezekea banda la karavani yako. Yule mama aliyesimama na mtoto ni mke wangu, na yule mwingine ni mkwe wangu."

Bwana Kobe aliinua kichwa kutoka kwenye mafaili.

"Mtoto yupi?"

Theonest akaeleza tena.

"Ah," alisema Bwana Kobe. "Yule. Sikiliza, harufu ile ni ya kitu gani? Mke wangu hawezi kuvumilia, nimeiuza asubuhi hii." Akarudi kwenye mafaili. "Na ile nafasi ya karani mkuu, ilijazwa Februari. Hawakukwambia?"

Jioni Theonest alifika kwa Albano amelowa chapachapa. Akabisha hodi.

"Umesema?" Kokuberwa aliuliza kutoka ndani.

"Nimesema. Mbele ya ofisi nzima."

"Akajibuje?"

Theonest aliona aibu, lakini uongo ulikuwa umemchosha. "Aliuliza mtoto yupi."

Kokuberwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka Eufrazia naye akacheka, Albano akaangusha patasi, mtoto akaamka akilia. Theonest alisimama mvuani akisikiliza kilio cha mwanawe, na machozi yakamtoka yeye pia, wala hakujaribu kuyaficha.

Ndani mtu mzima alikohoa. Mama Avelina alijifunika khanga, akatoka kwa mlango wa uani, ili mkwe wake apate kuingia.