Chodi ya Kuazima

Jumapili ya tarehe 19 Mei 2019, mpiga gitaa wa pili wa bendi moja ya arusi aliamriwa kushuka jukwaani wimbo ukiwa katikati. Video ya arusi hiyo ipo. Anaonekana akichomoa waya wa gitaa, anauzungusha vizuri kiwikoni kama fundi anayefunga kazi, kisha anateremka ngazi. Nyuma yake mwimbaji, mwanamke wa makamo mwenye gauni la kijani, ameshika kipaza sauti. Mdomo wake uko wazi, lakini haimbi.

Mwimbaji huyo ni shangazi yake, na ndiye aliyemlea. Kosa la mpiga gitaa lilikuwa chodi moja, yaani noti chache zinazopigwa kwa pamoja.

Aliyemfukuza ni kiongozi wa bendi, Kapteni kwa jina la kazi, mpiga kinanda na mkodishaji wa viti na maturubai. Wenye maneno husema ukikodi viti vya kutosha, bendi unapewa kama nyongeza. Siku hiyo hiyo Kapteni alimpachika kijana jina la Kiraka, nalo likaganda. Hata wateja wa friji, maana kinachomlisha ni kutengeneza friji, humwita hivyo wakidhani ni kwa sababu anaziba matobo ya gesi.

"Nguo ya kuazima haisitiri," Kapteni alimwambia. "Wimbo una chodi zake. Kwa nini uende kuomba kwa jirani?"

Kiraka hakuona kuwa ni jirani. Kwa maelezo yake, C meja na C maina ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali: mmoja mcheshi, mwingine mnunaji. Wimbo unakaa kwa mcheshi. Mara moja tu, pale maneno yanapouma, unapenya kwa mnunaji, unaazima kitu kimoja, unakirudisha kabla hajauliza. Kwenye gitaa kazi yote ni ya kidole kimoja. Umeshika chodi ya F. Kidole cha kati kinaachia uzi wa tatu, noti moja inashuka nusu hatua, chodi inakuwa ya mnunaji, na wimbo uliokuwa ukicheka unameza mate.

Tabu ni kwamba mwimbaji asiposhuka nayo, sauti na gitaa vinakwaruzana kama kisu kwenye sahani. Ndicho kilichotokea arusini.

Wimbo wenyewe ni wa mlango. *Mlango sijaufunga, ingia usibishe hodi.* Maharusi wanaupenda, wanadhani bibi arusi anakaribishwa ukweni. Shangazi aliutunga kwa ajili ya binti yake wa pekee, aliyeondoka na begi moja akisema atarudi Ijumaa. Hakusema Ijumaa gani. Kiraka alikua naye chumba kimoja, wakigombania upande wa kitanda ulio karibu na dirisha, na mpaka leo hulala upande wa ukutani.

Kiraka alirudishwa kwenye bendi baada ya wiki chache, kwa sharti kwamba chodi ile asiiguse tena katika wimbo ule. Sharti halikutoka kwa Kapteni. Shangazi alimwita jikoni, akaendelea kumenya vitunguu akiwa amempa mgongo.

"Mwanangu, unajua kwa nini ule wimbo nauimba nikicheka?"

"Najua, Shangazi."

"Hujui. Ungejua usingeniingilia. Mimi ule mlango nimeuegemea kwa mgongo. Wewe unakuja na kidole chako, unausukuma, watu wanachungulia ndani."

Kiraka aliapa. Na kiapo alikishika. Arusi baada ya arusi, kila mstari ule wa hodi ulipofika, kidole cha kati kilikaa juu ya uzi wa tatu kama mgonjwa aliyekatazwa kuamka.

Kisha koo la Shangazi likaanza kukwama. Daktari alikuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akapanga kuutoa Jumatatu. Sauti huenda ikabaki, alisema, na huenda isibaki. Kapteni hakungoja. Aliwaita Jumamosi asubuhi warekodi ule wimbo katika stoo yake, kwa sababu maturubai yaliyokunjwa hunyonya mwangwi.

Stoo ilinuka unyevu. Viti vya plastiki vilipanda mpaka darini. Feni ilizimwa isije ikasikika, na jasho likaanza kazi yake. Shangazi alikalia kiti kimoja, kikombe cha maji ya uvuguvugu miguuni.

"Nitaimba mara moja," alisema, na sauti yake ilikuwa na mchanga. "Ukiharibika, umeharibika."

Kapteni alimwinamia Kiraka. "Leo si siku ya viraka. Nikisikia ile chodi yako ya matanga, viti vyote hivi utabeba wewe."

"Kapteni, viti vyako si nabeba kila wiki?"

"Basi utabeba peke yako."

Kiraka alicheka. Kama sauti ingeondoka Jumatatu, hii ndiyo ingebaki, na ingebaki ikicheka. Hakuna ambaye angejua mlango ule ulikuwa wa nani. Alijifuta mkono kwenye suruali. Kiapo ni kiapo.

Ubeti wa kwanza ulipita salama. Wa pili ukapita, ingawa kwenye noti za juu sauti ilikwaruza. Katika ubeti wa mwisho Kiraka aliinua macho, akaona Shangazi hatabasamu. Amefumba macho. Mstari ukafika. Kiraka akashika F, kidole kikakaza uzi wa tatu.

"Usibishe..." Shangazi aliimba, na noti ikashuka nusu hatua.

Mkwaruzo ule ule, safari hii kutoka upande wa pili. Kapteni aliondoa mikono kwenye kinanda kana kwamba kimemuunguza, akamkodolea Kiraka macho. Kiraka alibaki peke yake na chodi mkononi. Kama koo limeteleza, akimfuata atakuwa amevunja kiapo katika wimbo wa mwisho. Kama Shangazi amekusudia, asipomfuata atakuwa amemwacha nje.

Alisikiliza. Sauti inayoteleza hutapatapa ikitafuta pa kushika. Hii haikutafuta kitu. Ilikuwa imekaa.

Akainua kidole.

Mkwaruzo ukafa. Shangazi alivuta "hodi" mpaka pumzi ikaisha, kisha gitaa likarudi kwa mcheshi, C meja, wimbo ukafika nyumbani.

"Turudie?" Kapteni aliuliza. "Hapo katikati pamekwaruza."

"Urudie nini, baba? Mimi nimemaliza." Shangazi aliinama akachukua kikombe, akanywa taratibu. Kisha akamgeukia Kiraka. "Umechelewa."

"Si uliniapisha, Shangazi?"

"Nilikuapisha wewe, sikujiapisha mimi."

Kapteni aliisikiliza rekodi mara mbili akiwa amevaa spika za masikioni, akazivua, akaanza kupanga viti. Hakumwita Kiraka kumsaidia. Mkwaruzo umeachwa ulivyo.

Jumatatu asubuhi Kiraka hatafungua karakana ya friji. Atampeleka Shangazi hospitali, na atakaa nje ya chumba cha upasuaji mpaka daktari atoke.