Ng'ombe Zangu na Chombo cha Angani

Ndugu zangu, mimi shule niliishia darasa la pili. Mwalimu wetu alipenda viboko kuliko chaki, ila hayo tuyaache. Juzi nilikuwa napika chai kwenye ukumbi mmoja hapa Makanyagio, ambako watu walikuwa wanafundishwa kuandika programu, kila mtu na kompyuta yake. Mwalimu, dada mmoja mpole, akawaambia wapige hesabu wajue chombo cha angani kinatazama wapi. Ukutani ikatokea picha ya ardhi kavu, nyekundu, kama kwetu Usevya wakati wa kiangazi.

"Saa nne kamili kinapita juu ya hapa," akasema. "Hata jiwe kinaliona."

Saa hiyo ni tatu na nusu, na ng'ombe zangu zote nimezificha ndani ya hifadhi! Nikaacha birika, nikampigia shemeji yangu palepale. Mimi kwenye simu sijui kunong'ona.

"Shemeji, toa ng'ombe hifadhini! Wanatuona kutoka juu!"

Mwanafunzi mmoja wa mbele akageuka, anatabasamu.

"Shikamoo mzee. Hicho chombo kinatazama sayari nyingine, mbali kabisa. Anayetazama hifadhi ni mimi, askari wa wanyamapori. Haya, ziko upande gani?"