Korongo wa Kishushe nilimficha, jina langu likaandikwa kwa bata wa Mata

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii imenikalia kifuani wiki tatu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliacha darasa la saba. Nimevunja mawe, nimekata mkonge, nimeuza mboga za Bura sokoni Voi. Kitu kimoja tu sijawahi kuacha: kuangalia ndege.

Chekeni tu.

Kila msimu wa joto huku kwetu hupita ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya. Tuna grupu ya WhatsApp ya kuwafuatilia. Madam Wakesho, mwalimu mstaafu wa Bura, ndiye anaweka orodha. Ukipata ndege adimu, jina lako linaandikwa kando yake. Sheria ni moja: lete picha, au mtu wa pili wa grupu aje amwone kwa macho yake.

Rafiki yangu Mwakio yuko kwa hiyo orodha mara kumi na moja. Mimi, sufuri.

Mwakio ana kamera, ana darubini, ana pikipiki. Na ni mtu mzuri, hapo ndipo panauma. Wawili kati ya hao ndege wake ni mimi nilimwonyesha. Kwa grupu akaandika, "Nilikuwa na Mwadime." Alikuwa na mimi! Kama mkoba.

Basi Januari nikapata kibarua Kishushe, kurekebisha boma la ng'ombe kwa ranchi moja. Asubuhi ya pili nikaenda bwawani kuchota maji.

Alikuwa amesimama ng'ambo, peke yake. Korongo mweusi. Sio yule mdogo wa kawaida mwenye mdomo wa kijivu. Huyu mdomo mwekundu, miguu myekundu, tumbo jeupe, na jua likimpiga shingoni, ule weusi unageuka kijani. Nilikuwa nimemwona kwa kitabu tu. Ndoo ilizama sikujua.

Kamera ya simu yangu ilipasuka kitambo. Nilipiga hivyo hivyo, picha ikatoka kama moshi.

Mchana Mwakio akapiga.

"Mwadime, nasikia uko Kishushe. Kuna kitu huko?"

"Vumbi na mbuzi, bro."

"Hata ndege mmoja?"

"Wewe nenda Mata. Jamaa fulani ameniambia kuna ndege wa ajabu kwa bwawa la mashamba."

Hakukuwa na jamaa. Nilitunga hapo hapo. Mata iko upande wa pili wa kaunti, karibu na mpaka, na mimi nilitaka awe mbali.

"Asante sana ndugu yangu. Kesho alfajiri niko njiani."

Kesho yake korongo bado yuko. Nikampigia Madam.

"Shikamoo Madam. Nimeona korongo mweusi Kishushe."

"Marahaba mwanangu. Picha iko wapi?"

Nikatuma.

"Mwadime, huyu ni korongo ama ni jiko lako linatoa moshi?"

"Ni yeye Madam, naapa!"

"Mimi nakuamini. Orodha haiamini mtu. Mwite Mwakio, ndiye ana pikipiki ya kufika huko leo."

Wakuu, Mwakio!

Nilimpigia mara nane. Hapatikani. Saa sita ng'ombe wakaja kunywa maji, korongo akapaa, akazunguka mara moja, akaenda. Nililinda lile bwawa siku tatu. Hakurudi.

Lakini jioni ya siku ile ile korongo alipoondoka, grupu ililipuka. Picha safi kutoka Mata: bata wa kahawia, jicho jeupe kama ushanga. Madam mwenyewe akasema hajawahi kumwona huku maishani mwake.

Chini Mwakio ameandika: "Ni Mwadime alinituma. Anasingizia jamaa fulani, lakini huyu namjua, ni yeye alimwona akaona haya kusema. Madam, mwonaji wa kwanza andika yeye. Mimi ni shahidi tu."

Madam akaandika.

Pongezi zikamiminika. Nilijibu kwa kidole gumba.

Kwa hivyo jina langu liko kando ya bata ambaye sijawahi kumwona. Yule niliyemwona hana rekodi popote. Mwakio ameniletea ile picha kwa fremu. Iko ukutani, na lile jicho linanitazama nikinywa chai.

Wivu haujaisha. Zamani nilimwonea wivu wa kamera. Sasa namwonea wivu wa roho yake.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa nahitaji shahidi mmoja tu duniani, na huyo ndiye nilimfukuza.

Jumamosi tuna mkutano Voi. Madam amesema nisimame mbele ya watu nieleze nilivyompata yule bata. Mwakio atakaa mstari wa kwanza, anipigie makofi.

Wewe ungesema nini? Matusi yapo, napokea, lakini weka na ushauri kabla ya Jumamosi.