Kisu cha Kwato

Mume wangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Nilijua tangu anioe, lakini kisu chake kilinifundisha upya, mwenyewe ameshazikwa.

Aliacha gogo moja la mringaringa, limekauka miaka mitatu darini, juu ya moshi wa jiko. Lilikuwa la bakuli la binti yetu, siku ya kuolewa. Siku ikakaribia, baba hayuko. Watu wetu wa Bungoma wakasema ati mwanamke hachongi. Nikasema mimi nitachonga. Gogo ni hilo moja. Nikiliharibu, mtoto anaenda kwa watu bila kitu cha babake.

Tezo ilinikubali. Nje nikamaliza vizuri. Lakini ndani, kile kisu chake chenye ncha iliyopinda kilichimba kama fuko. Nilijilaumu siku mbili kabla sijaona: makali yalinolewa kwa mkono wa kushoto. Kisu kilikuwa kinamtafuta mwenyewe.

Nikaenda Kitale asubuhi, ukungu umelala mashambani kama maziwa. Duka la Kalasinga mmoja lilikuwa na visu vya kuchonga kwato, vyenye ncha iliyopinda kama chake, vilivyobaki tangu wakati wa wazungu na farasi wao. Akanimwagia boksi zima kwa kaunta.

"Mama, una farasi ngapi?"

"Sina hata punda. Wacha nichague."

Nikafumba macho. Nilishika kimoja kimoja, nikakizungusha hewani kwa mkono wangu wa kulia kama mtu anayesugua sufuria. Kimoja kilinivuta kiwiko. Kingine kilikuwa chepesi kama uongo. Nilivigonga kwa ukucha nikisikiliza. Chuma kibaya hunyamaza, kizuri huimba kidogo. Duka likaenda mbali, sauti za watu zikawa kama ziko chini ya maji.

"Mama, umelala?"

"Si unyamaze, bana! Nimekipata."

Nyumbani mti ukafunguka. Ukatoa vipande vyembamba, vimejikunja kama masikio ya watoto wachanga. Siku nne nilikaa humo ndani ya bakuli. Hata njaa sikuisikia.

Siku ya harusi, mama wa bwana harusi alilipindua bakuli, akaligonga tako.

"Ni zito. Nani alichonga?"

"Mimi."

Akanitazama mikono, halafu akamgeukia mwanawe aliyekuja kulichukua.

"Wewe, beba na mikono miwili."