Wazee wa Siyo

Baba yangu alikuwa akilala kwangu, mtaa wa Nyasubi, akila ugali wangu, kisha asubuhi tunaongozana hadi ukumbi wa halmashauri, na huko ananipinga mbele ya watu wote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, halmashauri za wilaya zilipokuwa zimerudishwa. Baba, mkulima wa pamba na mfugaji, alikuwa diwani wa kata yetu ya nyumbani. Mimi nilifundisha shule ya msingi mjini Kahama, nikaingia halmashauri kuwakilisha wanawake. Yeye na wenzake wachache wa rika lake walikaa safu ya nyuma, kofia magotini. Mwenyekiti akiuliza wanaoafiki, walinyamaza. Akiuliza wasioafiki, ukumbi ulitikisika: "Siyo!" Walikataa vilabu vya pombe kufunguliwa asubuhi. Walikataa mabinti kupelekwa shule za mbali. Vijana wakawabatiza Wazee wa Siyo, na baba alilipenda sana jina hilo.

Msimu mmoja, pamba ikiwa imeshauzwa, alikuja kwangu mama mmoja wa kijiji cha jirani na kwetu. Mumewe alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, shimo likamfukia. Matanga hayajaisha, kaka wa marehemu akaswaga ng'ombe wote hadi zizini kwake, akamwambia mjane arudi kwao.

"Na watoto je?" nilimuuliza.

"Kasema bado wadogo, hawawezi kuchunga. Nikawakuze kwanza."

Nilipeleka hoja tutunge sheria ndogo: mjane asifukuzwe nyumbani, kwenye mji wake, na mifugo ya marehemu ibaki hapo kulea watoto. Jioni ya kuamkia kikao nilimweleza baba. Alinawa mikono taratibu.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, "unataka karani wa halmashauri ndiye awe baba wa ukoo?"

"Nataka watoto wapate kula, baba."

"Mimi baba yangu alikufa sijaota meno ya pili. Baba mkubwa akamchukua mama, akatuchukua na sisi. Sikuwahi kuitwa yatima. Sasa wewe andika kwamba ng'ombe ni wa mjane. Siku hiyohiyo baba mkubwa atasema: basi, na watoto ni wako, mimi simo."

"Na huyu aliyechukua ng'ombe akaacha watoto?"

Aliaga, akaenda kulala.

Kesho yake nilisimama nikasema yote niliyokuwa nayo. Kisha akasimama yeye. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mjumbe aliyezungumza ni binti yangu. Nimelala kwake, nimekula nikashiba. Lakini hoja yake ni mbaya." Watu wakacheka. Akaeleza habari za baba yake mkubwa, kwa sauti ya chini, na kicheko kikaisha. Hata walioniahidi kuniunga mkono waliinamisha vichwa. Siyo ikashinda. Nilitoka nikalia nyuma ya ukumbi, na tulipoagana sikumtazama usoni.

Haikupita wiki, yule mama akaja mbio. "Mwalimu, njoo. Wazee wako wamejaa kwa shemeji yangu."

Tulipanda lori la pamba. Tuliikuta safu yote ya nyuma imekaa mbele ya zizi la yule bwana, wengine wametoka kata za mbali kwa baiskeli. Baba ndiye aliyekuwa akiuliza.

"Ng'ombe hawa umewachukua kwa amri ya nani?"

"Kwa mila, mzee. Mimi ndiye mkubwa."

"Mila ipi? Anayeshika kamba ya ng'ombe hushika na mkono wa mtoto. Wewe uliushika?"

Yule bwana akaanza kueleza habari za madeni ya msiba. Mzee mwingine akamkatiza. "Tusichoke. Usipowarudisha, mji wako hauombi moto kwa jirani, hausaidiwi kulima, na siku ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe."

Jua halijazama, ng'ombe walikuwa njiani kurudi, mjane nyuma yao akiwaita kwa majina. Mmoja alikuwa ameshauzwa. Wazee wakachagua mwingine zizini mwa shemeji, mnono kuliko yule.

Tulipokuwa tukitembea kuelekea barabarani, nilimuuliza baba, "Kama ulijua ameonewa, mbona ulinipinga?"

"Nilipinga sheria yako. Yule mama sikumpinga."

"Na mjane ambaye kwao hakuna wazee kama ninyi? Na ninyi mkishakufa?"

Alivunja kijiti, akakitupa.

"Hilo, mayu, sina jibu lake."

Mwaka uliofuata niliirudisha hoja. Baba alisema siyo, sauti ileile. Ila baadhi ya wenzake walikaa kimya, na hoja ikapita kwa tabu. Nilitarajia atakasirika. Alinipa mkono mbele ya wote, akasema kwa Kisukuma kwamba nimekua. Karatasi zikapelekwa Shinyanga kuidhinishwa, na hadi leo sijui zilifia kabati gani. Baba alifariki akiamini nilikosea. Mimi bado naamini nilikuwa sahihi, ingawa kila nikisimulia haya hujikuta nikimtetea yeye.

Yule mama aliwalea wanawe kwenye mji wake. Mvua za kwanza baada ya ng'ombe kurudi zilipoanza, nilisikia shemeji yake alifika na jembe, akamlimia shamba la mtama bila kuitwa na mtu.